Mti Wenye Moyo Mmoja Katika Nchi za Jalidi

Mkwezi yeyote wa pwani ajua ya kwamba mnazi hauuawi kwa kukatwa makuti. Makuti yakishushwa kwa ajili ya kuezekea huota mengine, na shina likichongwa madaraja ya kukwelea mti huendelea kuzaa miaka na miaka. Lakini ukiondolewa kichilema chake, ule moyo mweupe, laini na mtamu uliofichika katikati ya makuti machanga, au mdudu chonga akipenya mpaka hapo akautafuna, basi mti umekwisha, wala hapana mbolea wala dua itakayourudishia uhai. Ilimu hii, ambayo watu wetu waliipata juani na bila ya kitabu, ndiyo ufunguo wa jambo ambalo kwa wengi litaonekana kuwa muhali: kupanda miti ya jamii ya mnazi, mtende, mvumo na mkindu katika nchi ambazo theluji hulala bustanini na maji ya birika huganda usiku.

Sababu ya udhaifu huu ni nasaba. Mwembe uliovunjwa matawi na tufani huchipua ubavuni, kwa kuwa chini ya gome lake liko tabaka jembamba lenye uhai, ambalo huzaa ubao mpya kwa upande wa ndani na gome jipya kwa upande wa nje, na kwa kazi hiyo hiyo huziba majeraha. Jamii ya mitende haikujaliwa tabaka hilo. Udugu wake ni na mahindi, mianzi na nyasi. Shina lake ni mkusanyiko wa mafungu ya mirija na nyuzi yaliyotawanyika katika nyama laini, na aghalabu huwa limekwisha kupata sehemu kubwa ya unene wake kabla halijaanza kurefuka. P. Barry Tomlinson, mtaalamu aliyeishughulikia miti hii kwa muda mwingi wa maisha yake, ameeleza ya kuwa chembe za shina la mtende huweza kuwa hai kwa umri wote wa mti, na umri huo waweza kupita karne moja, bila ya kuondoka na kupokewa na nyingine. Mirija iliyopandisha maji mti ulipokuwa mchanga ndiyo hiyo hiyo ipandishayo maji uzeeni. Katika nchi ya joto sifa hii ni ya kustaajabisha. Katika nchi ya baridi ni msiba, kwa maana maji ya mirija yakiganda hewa hujitenga nayo, na barafu ikiyeyuka hubaki viputo vinavyokata njia ya maji, na mti usioweza kujitengenezea mirija mingine katika shina lake umelemazwa.

Hata hivyo baridi peke yake si sumu. Kinachodhuru ni barafu, na mahali inapofanyika. Miti ya asili ya nchi za kaskazini, kama mtofaa na mwaloni, huiruhusu barafu ijifanye katika nafasi zilizo baina ya chembe zake; maji hutoka ndani ya chembe kwenda nje, chembe husinyaa, utomvu uliobaki ndani huzidi sukari na chumvi, na hivyo huwa mgumu kuganda. Barafu ikiingia ndani ya chembe yenyewe huchana tando zake, na hapo ndipo mauti. Walter Larcher wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, pamoja na mwenziwe, walichapisha mwaka 1981 vipimo walivyovifanya juu ya mitende mbalimbali, na ikadhihirika kwamba majani yake hayana stahamala hiyo ya mtofaa. Kinga yake ni kuichelewesha barafu tu, yaani kuyaacha maji yashuke chini ya nyuzi sifuri bila ya kuganda. Mti wa namna hii ni kama mdeni aombaye muhula: husalimika maadamu jua litatoka kabla ya muda kwisha. Kwa hiyo mpanzi anayeuliza mtende wake utastahimili nyuzi ngapi amesahau nusu ya swali, ambayo ni kwa saa ngapi. Usiku mmoja wa nyuzi 12 chini ya sifuri, ukifuatwa na mchana wa jua, waweza kuunguza ncha za majani na usifanye zaidi. Wiki nzima ya nyuzi 8 chini ya sifuri, bila ya kuyeyuka hata adhuhuri, hupenya mavazi yote ya mti mpaka kichilemani.

Mavazi hayo, kwa yakini, ni mengi katika aina moja iliyozishinda nyingine zote kwa umashuhuri. Wataalamu huiita Trachycarpus fortunei. Majani yake ni ya upepeo, kama ya mvumo, ila ni membamba na madogo zaidi; na shina lake limefunikwa toka chini mpaka juu na nyuzi za rangi ya kahawia, zilizofumana mithili ya kilifu cha mnazi, isipokuwa kilifu cha mnazi hudondoka na hiki hung'ang'ania shinani miaka mingi. Asili yake ni Uchina, nako hawakuupanda kwa urembo. Mwaka 1843 Robert Fortune, Mskoti aliyetumwa na chama cha wakulima wa bustani cha London mara baada ya vita vya Waingereza na Wachina kwisha, aliuona katika kisiwa cha Chusan, ambacho siku hizi huandikwa Zhoushan, na akaona jinsi wenyeji walivyozibandua nyuzi zake wakasokota kamba, wakafuma kofia, na wakashona majoho mazito ya kuvaa mvuani. Mbegu za mti huo zilikwisha kufika Ulaya tangu mwaka 1830 kwa mkono wa Philipp Franz von Siebold, tabibu aliyekuwa Japani. Lakini ni miche ya Fortune, iliyofika Uingereza mwaka 1849 na kugawanywa baina ya bustani ya Kew na kasri ya Malkia Victoria ya Osborne, katika kisiwa cha Wight, iliyowathibitishia Waingereza kwamba mtende waweza kusimama nje, uwanjani, katika majira ya baridi, bila ya nyumba ya vioo. Fortune huyu ndiye aliyekuja kujigeuza Mchina kwa mavazi ili apate kuihamisha michai kwenda India, na kwa kisa hicho amesifiwa na kulaumiwa. Kuhusu mtende wake sijasikia lawama, ila hiyo moja nitakayoieleza mbele.

Mti wa Chusan ukishakomaa huanza kuungua majani kwenye nyuzi 12 au 14 hivi chini ya sifuri, na ikifika nyuzi 15 au 17 moyo wenyewe huwa hatarini. Mche wa miaka miwili hauna nguvu hiyo, kwa kuwa kichilema chake kiko karibu na ardhi na nyuzi zake bado chache. Kwa sababu hii wapanzi wenye busara hukaa na mche katika chungu mpaka shina lake lianze kuonekana, kisha huutia ardhini mwanzo wa majira ya chipuko, ili mizizi ipate kiangazi kizima cha kujiimarisha. Huuchagulia mahali penye kinga ya upepo, karibu na ukuta unaokabili kusini, ambao hunywa jua mchana na kulitoa usiku. Na huhakikisha kuwa maji hayatuami miguuni pake. Baridi ikavu humuumiza mtende, baridi yenye majimaji humwua, na katika bustani nyingi za Ulaya adui ni mvua ya Januari inayoingia kileleni, ikatuama baina ya makuti machanga, ikaganda.

Hapo huja kazi ya kuvisha. Majani hukusanywa yakafungwa pamoja kwa kamba kuelekea juu, ili yakihifadhi kichilema. Juu yake huzungushwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Chini hutandazwa majani makavu na maganda ya miti kwa kina cha kutosha kufunika mizizi. Na mahali penye baridi kali zaidi mti mzima hujengewa kibanda cha mbao chenye paa, na ndani yake huzungushiwa uzi wa taa ndogo ndogo za sikukuu. Taa hizo sharti ziwe za namna ya zamani, zenye waya unaowaka, kwa sababu taa za kisasa zinazokula umeme kidogo hutoa nuru lakini hazitoi joto la kumfaa mti; na wengi hawalijui hilo mpaka Machi, ambapo huchelewa. Wala kibanda hakifai kufungwa kabisa muda wote, kwani joto na unyevu uliozuiliwa hulea ukungu.

Ukungu huo ndio uuao miti mingi iliyodhaniwa kuwa imeokoka. Theluji huondoka, majani ya nje ni kijani kibichi, mwenye bustani hufurahi. Ilhali ndani, tishu za moyo zilizoumizwa na barafu zimefungua mlango kwa kuvu na bakteria. Mwenye uzoefu hushika kuti changa kabisa, lile la katikati lisilofunuka bado, akalivuta polepole. Likikataa, moyo ni mzima. Likichomoka mkononi, tako lake huwa la kahawia, lenye utelezi na harufu ya uvundo, na hapo hana budi kusafisha shimo lililobaki, kuliacha likauke, kutia dawa ya shaba, na kungoja. Pengine katika Juni hutokea jani lililopotoka, fupi, lenye ncha zilizokatika, ambalo kwa uzuri halina thamani yoyote lakini kwa maana yake ni habari njema: ncha ya kukua haikufa.

Mti wa Chusan si bingwa wa baridi kuliko yote, ijapokuwa ndio ulioenea zaidi. Kusini-mashariki ya Marekani, katika vinamasi vya Georgia, Florida na Alabama, huota mtende mfupi wa miiba mirefu myeusi, Rhapidophyllum hystrix, unaohesabiwa kuwa mstahamilivu kushinda jamii yote, na ambao umepata kuokoka kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Jirani yake, Sabal minor, ambaye hufika mpaka Oklahoma, amepata hila nyingine: shina lake hukaa chini ya udongo, na kichilema pamoja nalo, na kilicho juu ni majani tu. Mtu angedhani kuwa mabingwa hawa wangefaa sana Uskoti kuliko mti wa Uchina. Hasha. Kwao kiangazi ni cha joto kali na unyevu, na katika kiangazi baridi cha Uingereza hawapati nguvu ya kukua, hukaa miaka wakitoa jani moja moja, na jalidi ndogo huwakuta dhaifu. Mti wa Chusan, mzoefu wa milima yenye ukungu, hautaki joto kubwa. Ama ile inayoitwa mitende ya Plockton, kijiji cha pwani ya magharibi ya Uskoti kilicho kwenye latitudo 57 kaskazini, ambayo wasafiri huipiga picha kwa mshangao, si mitende hata kidogo. Ni Cordyline australis ya New Zealand, yenye nasaba nyingine kabisa na iwezayo kuchipua tena kutoka shinani.

Ulaya yenyewe ina mtende wake wa asili, mdogo na wenye mashina mengi, Chamaerops humilis, uotao kandokando ya Bahari ya Kati. Katika bustani ya mitishamba ya Padua, Italia, upo mmoja uliopandwa mwaka 1585, ambao umejengewa nyumba ya vioo kuuzunguka. Goethe, mshairi wa Kijerumani, aliutazama mwaka 1786, akayachunguza majani yake yabadilikavyo umbo toka lile la kwanza lisilopasuka mpaka lile la upepeo kamili, na fikira aliyoipata ikaingia katika risala yake juu ya mabadiliko ya mimea aliyoitoa mwaka 1790.

Kwa kuwa mitende huogopa jalidi kwa namna iliyo dhahiri hivi, wanajiolojia wameifanya kuwa kipimajoto cha kale. Chavua ya mitende iliyochimbuliwa chini ya bahari karibu na Antaktika, ya zama za miaka milioni 50 hivi iliyopita, imewatosha kusema kwamba pwani ya bara lile la barafu haikupatwa na majira makali ya baridi katika wakati huo. Kipimajoto hicho sasa kinasomwa upya kusini mwa Uswisi, katika jimbo la Ticino, ambako mti wa Chusan ulipandwa bustanini tangu karne ya kumi na tisa, ukawa alama ya jimbo katika kadi za posta na mabango ya utalii. Kwa miongo mingi haukutoka bustanini. Mbegu zilianguka, miche ikaota, na majira ya baridi yakaifyeka. Kisha, tangu nusu ya pili ya karne ya ishirini, majira hayo yakalainika, na katika misitu inayozunguka maziwa ya Maggiore na Lugano, chini ya michestinati, miche ikaanza kuokoka, ikakua, na leo kuna vichaka vya mitende ambamo mche wa mti wa kienyeji haupati nuru.

Wasambazaji ni ndege, hasa wa jamii ya mkesha, wanaomeza vitunda vyeusi-samawati na kuziangusha mbegu msituni. Uswisi, ambayo wakulima wake wa bustani waliufunga mti huu vitambaa na kuulinda kwa vizazi, imepiga marufuku kuuingiza nchini na kuuuza tangu Septemba 1, 2024. Miti iliyokwisha kupandwa haikuamriwa ing'olewe, na watu wa Ticino, ambao wengi wao waupenda, hawakuing'oa. Mti huu una dume na jike mbalimbali, na ni jike tu azaaye. Kwa hiyo ushauri wanaopewa wenye bustani ni kuyakata makarara ya mijike kila mwaka kabla matunda hayajaiva, kazi ambayo kwenye mti wa mita kumi huhitaji ngazi ndefu, glavu nene na fundi asiyeogopa kupanda.