Pedi za Miezi Mitatu, Chuma kwa Chuma!

Ebwana we, kasheshe! Juzi natoka Singida mjini na Noah yangu kwenda Mtinko kumsalimu shangazi. Karibu na kijiji, watoto wa shule hao wanavuka. Nakanyaga breki: krrrr! Gari likasimama, lakini mate yalinikauka. Mmoja alikuwa hatua tatu tu kutoka kwenye bampa.

Pedi zenyewe nilizifunga miezi mitatu iliyopita. Nikamlaani muuza spea mpaka basi.

Fundi wa pale akavua tairi la kushoto. "Kijana, hebu tazama." Pedi ya nje bado nene, ya ndani limebaki bati tupu, diski imechimbika matuta kama shamba la alizeti. Pini ambazo kalipa inatelezea zilikuwa zimeganda: mpira umechanika, vumbi limeingia, grisi hakuna. Hata nikiachia pedali, pedi inasugua safari nzima.

"Rimu haikuwa inachemka?"

Ilichemka, tena upande huo huo, wiki mbili. Mie nikasingizia jua la Singida!

Na mlima Sekenke huwa nateremka gia ya juu, mguu kwenye breki, muziki juu. Hilo sikumwambia.

Unene wa chini kabisa wa diski huwa umegongwa kwenye diski yenyewe. Yangu ilishapita, haichongwi tena. Na zinanunuliwa mbili, kushoto na kulia. Pochi ikalia.

Shangazi kuniona nashuka kwenye bodaboda: "Mwanangu, gari umeuza?"