Kutoka 20 hadi zaidi ya 3,000: Safari ya shilingi mbele ya pauni

Na Mwandishi Wetu, Arusha

WAZEE wa Arusha wanaukumbuka wakati ambapo pauni moja ya Uingereza ilikuwa sawa na shilingi 20 kamili. Mwaka 2024 pauni hiyo hiyo ilibadilishwa kwa zaidi ya shilingi 3,000.

Hesabu hiyo huwafanya wengi waamini kuwa shilingi ya zamani ilikuwa na nguvu na kwamba ya sasa imedhoofika tu. Historia, hata hivyo, inaonyesha kuwa kila kiwango cha kubadilisha fedha kina anayefaidika na anayegharimika.

Mkoani Arusha pande hizo mbili huishi jirani. Mkulima wa kahawa katika miteremko ya Mlima Meru, shamba la maua la Usa River na kampuni ya utalii hupata fedha za kigeni. Mwenye daladala anayetafuta vipuri na mkulima anayehitaji mbolea hununua vitu vinavyolipiwa kwa fedha hizo.

Fedha iliyofungwa London

Wajerumani walipotawala kutoka boma lao la Arusha, fedha iliyotumika ilikuwa rupia. Kuanzia mwaka 1904, rupia 15 zilikuwa sawa na mark 20 za Ujerumani.

Waingereza walipochukua nchi, Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, ilileta shilingi ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1920. Shilingi 20 zilifanya pauni moja.

Kiwango hicho hakikuyumba kwa sababu shilingi ilifungwa kwenye pauni na akiba yake ikawekwa London. Uimara wake ulikuwa ni uimara wa pauni. Haukutokana na uchumi wa Tanganyika.

Mtihani wa 1967

Juni 14, 1966, Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango na kutoa shilingi ya Tanzania, iliyobadilishwa moja kwa moja na ile ya Afrika Mashariki.

Novemba 1967, miezi tisa tu baada ya Azimio la Arusha, Uingereza ilishusha thamani ya pauni kutoka dola 2.80 hadi dola 2.40 za Marekani. Tanzania, Kenya na Uganda zilikataa kuifuata. Pauni ikashuka kutoka shilingi 20 hadi takriban shilingi 17.14.

Shilingi ilikuwa imepanda, lakini si kila mtu alinufaika. Bidhaa ya Uingereza ya pauni 100, iliyogharimu shilingi 2,000, sasa ilipatikana kwa shilingi 1,714. Wakati huo huo, aliyeuza mazao yake kwa pauni 100 naye alipokea shilingi 1,714 badala ya 2,000.

Kiwango cha kwenye karatasi

Miaka ya 1970 ilikuja na bei kubwa ya mafuta, ukame, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Akiba ya fedha za kigeni ilikauka, huku bei za ndani zikipanda kwa kasi.

Pamoja na hayo, kiwango rasmi kilibadilishwa kidogo kidogo tu. Katika soko la magendo, dola na pauni ziliuzwa kwa bei iliyozidi ile ya serikali mara kadhaa.

Aliyeumia zaidi ni mkulima. Kahawa yake iliuzwa nje kwa fedha za kigeni, lakini shilingi alizolipwa zilikokotolewa kwa kiwango rasmi. Alipokwenda dukani, sukari na sabuni, kama zilipatikana, mara nyingi zilikuwa na bei ya magendo. Shilingi iliyoonekana imara katika vitabu vya benki ilikuwa kodi isiyotajwa juu ya kahawa yake.

Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, serikali ilifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Dola ilipanda kutoka takriban shilingi 17 hadi 40 katika muda wa miezi michache, na pauni ikafikia karibu shilingi 60.

Mauzo ya nje yalipata ahueni, lakini bei za bidhaa kutoka nje zilipanda, na mishahara ya mijini haikuzifikia.

Soko laachiwa

Mwaka 1992 maduka binafsi ya kubadilishia fedha yaliruhusiwa, na kufikia mwaka 1994 benki zilikuwa zikinunua na kuuziana fedha za kigeni katika soko lao. Kufikia mwaka 2000 pauni ilikuwa imepita shilingi 1,000.

Serikali haikujiondoa kabisa. Novemba 2018 maduka mengi ya fedha jijini Arusha yalifungwa katika operesheni ya Benki Kuu na vyombo vya dola. Machi 2025 zilitangazwa kanuni za kuzuia bei za bidhaa na huduma za ndani kutozwa kwa fedha za kigeni, suala linaloigusa sana Arusha ya watalii.

Kwa msomaji anayetazama ubao wa viwango benki, swali la kujiuliza si tu pauni au euro imefika shilingi ngapi. Mkulima wa Meru akipata shilingi zaidi kwa kilo ya kahawa, huku mbolea ikipanda kwa kiasi hicho hicho, hajapata nyongeza yoyote. Thamani ya shilingi hupimwa kwa kile inachoweza kununua katika soko la Kilombero au Tengeru.