Ndama wa Busia na Vimelea Vinavyokinga

Ndama wa zebu azaliwaye Busia, magharibi mwa Kenya, huandamwa na maradhi kabla hajaacha kunyonya. Kupe humganda masikioni, minyoo humwingia pamoja na majani, na mbung'o humtia vimelea damuni. Kwa miaka mingi wataalamu walizoea kuchunguza maradhi hayo moja moja, ilhali ndama huyapata kwa pamoja.

Kuanzia mwaka 2007 hadi 2010, watafiti wa Kenya na Uingereza, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Edinburgh na wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, walishika njia nyingine. Waliandikisha ndama 548 wa wafugaji wadogo wakiwa na umri wa siku chache tu, wakawafuatilia kwa mwaka mmoja. Kila baada ya majuma matano walirudi kuwapima uzito na kuchunguza damu na kinyesi chao.

Ndama 88, takriban mmoja katika kila sita, walikufa kwa maradhi kabla ya kutimiza mwaka. Muuaji mkuu alikuwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kimelea kiitwacho Theileria parva, kienezwacho na kupe wa masikio. Kimelea hiki huingia katika chembe nyeupe za damu na kuzifanya zigawanyike bila kikomo, mithili ya saratani. Mitoki huvimba, homa hupanda, na mwishowe mapafu hujaa maji.

Lakini ndama wengi walioambukizwa walinusurika. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulifichua sababu moja: ndama waliokuwa pia na aina nyingine za Theileria zisizo kali walipungukiwa na vifo vitokanavyo na Theileria parva kwa asilimia 89. Yaelekea kimelea kipole huufunza mwili kumkabili ndugu yake katili. Minyoo mingi, kinyume chake, iliongeza hatari ya kifo.

Je, mfugaji awaache kupe? La hasha. Kupe waenezao baadhi ya vimelea hivyo vipole ndio hao hao waletao ugonjwa wa moyo maji, nao huua. Kuogesha mifugo na kuipa dawa ya minyoo kungali lazima. Faida ya ugunduzi huu imo katika chanjo. Chanjo iliyopo ya ndigana kali hutumia vimelea hai vya Theileria parva, hudungwa pamoja na dawa ya kuua bakteria, na sharti ihifadhiwe katika naitrojeni ya kimiminika. Gharama yake humlemea mfugaji mdogo. Kimelea kipole kingeweza kufungua njia nyepesi zaidi.

Tabibu wa binadamu naye ana la kujifunza. Malaria pia huletwa na vimelea vya jamii moja vyenye ukali tofauti, na mara nyingi mtoto mwenye malaria ana minyoo tumboni. Anayetibu ugonjwa mmoja hana budi kuuliza ni upi mwingine uliomo katika mwili huo huo.