Kutafuta Mlinganyo wa Mkunjo kutokana na Mteremko Wake: Mfano wa Maji ya Magogoni

Vivuko viendavyo Kigamboni kutoka Magogoni hutegemea kina cha maji gatini. Maji hujaa na kupwa kwa mzunguko wa takribani saa 12 na dakika 25. Kwa wepesi wa hesabu, hapa tunachukua saa 12. Tuseme kwamba, saa t baada ya maji kujaa, kina h kwa mita hubadilika kwa kasi ya

dh/dt = −(π/4) sin(πt/6).

Huu ndio mteremko wa mkunjo. Kwa integresheni twapata

h = 1.5 cos(πt/6) + C.

Hapa ndipo wanafunzi hukosea, kwa kuiacha C kana kwamba ni pambo. Mteremko hueleza jinsi maji yanavyobadilika, lakini hausemi yalianzia wapi; mikunjo isiyo na idadi, iliyopandana wima, ina mteremko uleule. Kipimo kimoja chatosha kuubainisha mmoja. Iwapo t = 3 na kina ni mita 2, cos(π/2) ni 0, basi C = 2. Maji yakijaa kina ni mita 3.5, yakipwa, 0.5. Bila C, kina hicho kingekuwa −1.5, jambo lisilo na maana gatini. Wakati wa bamvua kizidisho 1.5 huongezeka: kikifika 1.8, C ikibaki 2, kina cha maji kupwa hushuka hadi mita 0.2.