Historia ya Sanaa Si Karo Iliyopotea

Wazazi wa Bofu wenye vijana wanaosomea ubunifu wa michoro na uhuishaji huuliza: mwanafunzi wa katuni za kompyuta ana haja gani ya historia ya sanaa? Twajibu kwamba mkono huchora jicho lilichozoea. Asiyezijua nakshi za milango ya Lamu, wala Misahafu ya Siyu iliyopambwa kwa wino mwekundu, mweusi na wa manjano, ataiga ya wengine. Mwaka wa 1926, Mjerumani Lotte Reiniger alitoa filamu ya vivuli vya karatasi kutokana na Alfu Lela Ulela. Hadithi na nakshi zetu tumwachie nani? Jumamosi vukeni feri pamoja na watoto, mwende Fort Jesus, na kila mmoja achukue daftari la kuchorea.