Kuni Zinazoteketea Chini ya Sufuria za Maharagwe

Yeyote apitaye karibu na shule za Kisii na Nyamira wakati wa masomo ya asubuhi hakosi kuuona moshi ukipaa nyuma ya madarasa. Huo ni moshi wa githeri. Mahindi makavu na maharagwe hutiwa ndani ya sufuria kubwa, sufuria ikapandishwa juu ya mafiga, aghalabu nje au chini ya kibanda kisicho na kuta, na mpishi akaanza kupambana na moto tangu alfajiri. Kengele ya mchana ikilia, mara nyingi chakula bado ni kigumu. Wanafunzi husubiri, na kipindi cha kwanza cha alasiri huliwa na kungoja.

Tukilizungumzia tatizo hili, wengi wetu hukimbilia jibu moja: tupande miti. Ni jibu jema, ila lina mipaka yake katika nchi ya Wagusii. Mashamba yamegawanywa na kugawanywa tena hadi familia nyingi zimebakiwa na kipande kidogo ambamo mahindi, ndizi, chai na mikaratusi hugombania nafasi. Hatuna hapa msitu mkubwa wa serikali wa kuutegemea. Isitoshe, viwanda vya chai kama vile Kebirigo, Sanganyi, Nyansiongo na Kiamokama navyo huhitaji kuni za kukaushia majani. Shule yenye wanafunzi mia sita inanunua kuni katika soko lile lile, na fedha zenyewe ni za mzazi. Karo ya shule za msingi ilifutwa Januari 2003, lakini katika shule nyingi za kutwa chakula cha mchana kilibaki kuwa mzigo wake.

Kwa maoni yangu, kabla ya kuuliza kuni zitatoka wapi, yafaa tuulize zinakwenda wapi. Na hapa jibu limo katika vitabu vya sayansi vilivyo mikononi mwa wanafunzi wenyewe.

Mji wa Kisii uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi, nyingine zikikaribia mita 2,000. Kadiri tunavyopanda, ndivyo kanieneo ya hewa inavyopungua na maji kuchemka mapema. Mombasa huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Kisii huchemka kwa nyuzi 94 hivi, na juu milimani huko Nyamira kwa 93. Nyuzi sita ni tofauti ndogo kwa mnywaji wa chai. Kwa punje ya haragwe kavu ni jambo kubwa, kwani maji ya Kisii, hata yakitokota vipi, hayana ukali wa maji ya Pwani. Mpishi wetu basi halaumiki kwa kuchelewa.

Lakini yapo yanayoweza kurekebishwa. Mpishi aonapo maharagwe hayaivi, huongeza kuni. Maji hutokota kwa kishindo, povu likafurika, mvuke ukajaa kibanda chote. Je, sufuria imepata joto zaidi? Hata chembe. Maji yaliyo wazi yakishafika kiwango cha kuchemka hayapandi tena. Moto wote unaoongezwa huishia kuyageuza kuwa mvuke. Hebu mwanafunzi wa kidato cha pili achukue kalamu. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 94 huhitaji takriban kilojuli 310. Kuigeuza lita hiyo hiyo kuwa mvuke huhitaji takriban kilojuli 2,260, yaani zaidi ya mara saba. Tukikumbuka kwamba moto wa mafiga huingiza chunguni sehemu ndogo tu ya joto lake, labda sehemu 15 katika kila 100, tutaona kuwa kila lita ipaayo angani imeondoka na karibu kilo nzima ya kuni kavu. Na kuni mbichi za mkaratusi ni hasara juu ya hasara, kwa maana moto hulazimika kuyakausha maji yaliyomo ndani ya gogo kwanza.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kifuniko, na la pili ni kupunguza moto pindi maji yachemkapo. Wamarekani waendao kambini hupika supu ya maharagwe kwa paja la nguruwe katika chungu kizito cha chuma chenye miguu mitatu. Paja hilo tuwaachie wenyewe, hasa sisi wa Gusii ambako Waadventista Wasabato ni wengi. Lakini kile kifuniko chao tukitazame vizuri: ni kizito, kimekaa barabara, na kina ukingo ulioinuka ili makaa yawekwe juu yasimwagike. Wala si maarifa mageni kwetu, kwani Waswahili wa Pwani wamekuwa wakiupalia wali makaa juu ya kifuniko tangu zamani. Katika shule nyingi, kinyume chake, sufuria ya lita mia mbili hufunikwa kwa kipande cha bati kilichojikunja, au haifunikwi kabisa. Fundi wa bati wa soko lolote, Keroka au Ogembo, anaweza kutengeneza kifuniko kinachokaa sawasawa kwa gharama ndogo kuliko mzigo wa kuni wa wiki chache.

Jambo la tatu, nalo ndilo kubwa kuliko yote, ni kuloweka. Maharagwe yaliyolala majini usiku kucha yaweza kuiva kwa karibu nusu ya muda wa yale makavu. Yale yaliyokaa ghalani miezi mingi katika joto na unyevu huwa magumu zaidi, na shule hununua ya namna hiyo kwa kuwa ni ya bei nafuu. Maji ya kulowekea yamwagwe kwenye bustani ya mboga, maharagwe yatiwe maji mapya, kisha yatokote kweli kwa nusu saa ya mwanzo kabla ya moto kupunguzwa. Haragwe jekundu lisiloiva lina sumu ambayo huharibiwa na mchemko wa kutosha, si na uvuguvugu. Wapo watakaoniambia kwamba kikwazo katika githeri ni mahindi. Ni kweli. Basi nayo yalowekwe, tena yatangulie jikoni. Wengine hutumia magadi. Hulainisha upesi, ila huangamiza vitamini B1, nasi tunalisha watoto wanaokua.

Tunayajua haya, na Sayansi Kimu imeyafundisha miaka nenda miaka rudi. Kwa nini basi hayatendeki? Nadhani sababu ni ufunguo. Stoo hufunguliwa asubuhi, mwalimu wa zamu akapima nafaka kulingana na waliohudhuria, mpishi akapokea ndoo zake na kuwasha moto papo hapo. Jioni hakuna wa kupima, na maharagwe yaliyolowekwa huogopewa kuibwa. Lakini idadi ya wanafunzi haibadiliki sana kati ya leo na kesho. Nafaka ipimwe saa kumi alasiri kabla ya shule kutawanyika, ioshwe, itiwe maji, na stoo ifungwe ikiwa na mapipa ndani. Jumatatu ndiyo yenye utata, kwani nafaka ya Ijumaa ingechacha. Siku hiyo na upikwe ugali kwa mboga, au bawabu wa Jumapili akabidhiwe kazi hiyo, mradi alipwe.