Kazi ya Mama Ihesabiwe Kazi

Mwaka jana mgeni aliniuliza mke wangu anashughulika na nini. Nikajibu, "Yupo nyumbani tu." Naye wakati huo alikuwa jikoni akipika vitumbua vya biashara, mtoto yu mgongoni, na usiku, watoto wakishalala, huandika mafunzo ya mapishi katika blogu yake. Alinisikia, akanyamaza. Juma lile akauza kwa bei isiyorudisha hata gharama, akisema, "Kwani mimi ni mfanyabiashara?"

Nilitambua kuwa neno langu ndilo lililomfikisha hapo. Nikamwomba radhi, tukaketi na daftari: mchele, nazi, sukari, mafuta, mkaa, na ujira wa mikono yake. Bei ikawekwa kwa haki. Saa moja baada ya Isha ikawa yake ya kuandika. Watoto nawalaza mimi.

Ndugu wasomaji, Bi Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara wa Makka na mama wa watoto, na Mtume (s.a.w.) hakuacha kumsifu hata baada ya kufariki kwake. Mama hujiamini upesi nyumba yake inapomwamini. Tuanze na ndimi zetu.